Pikapu ya kazi: pesa ya kwanza iende kwenye matairi

Kila baada ya mavuno, wakulima na wafanyabiashara wadogo wenye pikapu huulizana swali moja: nikipata akiba kidogo, gari langu nilifanyie nini ili livute zaidi? Swali hilo ni la msingi. Kwa familia nyingi za Lushoto, Njombe, Ilula au Karatu, pikapu ndiyo daraja kati ya shamba na soko. Nyanya au kabichi zikichelewa siku moja, bei hushuka na sehemu ya mzigo huoza. Kwa hiyo anayetaka gari lenye nguvu hatafuti anasa, anatafuta riziki.

Tatizo ni majibu anayopewa. Fundi mmoja atamshauri afungulie dizeli kwenye pampu. Mwingine atamuuzia kisanduku cha kompyuta cha kuongeza nguvu. Muuza rimu atamwonyesha matairi makubwa yanayoinua gari juu. Kila mmoja husifia bidhaa yake, na mwenye gari hana fedha za kujaribu zote.

Msimamo wetu ni huu: kwa pikapu ya kubeba mzigo na kwa mwenye fedha kidogo, uboreshaji wa kwanza uwe matairi sahihi. Breki na shokapu zifuate. Kuongeza nguvu za injini kuje mwisho, kama kutakuwa bado kunahitajika.

Kabla ya kununua chochote, ni vyema kutofautisha gari lisilo na nguvu na gari lililopoteza nguvu zake. Pikapu nyingi ziendazo mashambani ni za kundi la pili. Chujio la hewa limejaa vumbi, chujio la dizeli halijabadilishwa muda mrefu, nozo zimechoka, valvu hazijarekebishwa, na breki za gurudumu moja zinashika hata kama dereva hajakanyaga. Kila kasoro huiba kidogo, na zikijumlishwa mwenye gari huona injini imezeeka. Kujipima ni rahisi: baada ya safari fupi ya njia tambarare, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, huenda breki zake zinashika, na dizeli yako inaishia hapo. Kurekebisha mambo haya hakuhesabiwi kuwa uboreshaji. Ni kulipa deni unalodaiwa na gari.

Wako pia wanaolaumu injini wakati mhusika ni mlima. Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto hupanda karibu mita 1,000 katika kilomita zisizofika 40. Injini ya dizeli isiyo na turbo, kama zile za zamani za Hilux za lita 2.8 na lita 3.0, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Gari lililopanda vizuri kule bondeni likionekana kuchoka huku juu halihitaji upasuaji. Linahitaji dereva apunguze gia mapema na awe na subira.

Sasa tuzitazame njia zinazopendwa za kuongeza nguvu. Ya kwanza ni kufungulia pampu ili imwage dizeli zaidi. Gari litachangamka kweli kwa siku chache. Lakini hewa inayoingia haijaongezeka, hivyo sehemu ya dizeli hiyo haiungui sawasawa. Moshi mweusi unaoonekana nyuma ni mafuta uliyoyalipia yakitupwa angani. Wakati huohuo joto ndani ya injini hupanda, na gari likiwa na mzigo mlimani wanaoumia ni pistoni na silinda hedi. Gharama ya silinda hedi iliyopasuka inaweza kumeza faida ya msimu mzima.

Kwa magari mapya zaidi yenye turbo na mfumo wa kompyuta, kisanduku cha kuongeza nguvu hufanya kazi, hilo hatulikatai. Swali ni nguvu hizo zinapelekwa wapi. Zinapita kwenye klachi, giaboksi na difu ambazo pengine zimeshatembea kilomita nyingi na hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Bomba kubwa la moshi nalo, kwa dizeli isiyo na turbo, mara nyingi huongeza kelele kuliko nguvu, labda kama la zamani lilikuwa limeziba.

Matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani ndiyo mtego unaonasa wengi, kwa sababu gari hupendeza. Hesabu yake si ngumu. Tairi la kipenyo cha sentimita 70 likibadilishwa kwa la sentimita 77, kipenyo kimeongezeka kwa asilimia 10. Gia zote zinakuwa ndefu kwa kiasi hichohicho, na gari linapoteza mvuto mlimani badala ya kuupata. Mshale wa mwendo nao unadanganya: ukionyesha 80, kumbe unakwenda 88. Breki zinafanya kazi kubwa zaidi, na gari lililoinuka huyumba kwenye kona. Mtu ametoa fedha zake akanunua udhaifu.

Kwa nini basi matairi sahihi yatangulie? Kwa sababu nguvu zote za injini na breki zote za gari hufika ardhini kupitia vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiganja cha mkono hivi. Tairi likiteleza kwenye tope, injini ya nguvu huchimba shimo tu. Tairi likipasuka mteremkoni, nguvu za injini hazimwokoi mtu.

Ukienda dukani, soma ubavuni mwa tairi kabla ya kuuliza bei. Baada ya ukubwa wake utakuta namba ya uzito. Namba 91, ambayo ni ya kawaida kwa magari madogo ya abiria, maana yake tairi hilo linabeba kilo 615 na si zaidi. Namba 106 ni kilo 950. Namba 110 ni kilo 1,060. Tuseme ekseli ya nyuma ya pikapu yako, ikiwa imepakia, inabeba kilo 1,500. Matairi mawili ya namba 91 yana uwezo wa kilo 1,230 tu, hivyo yanafanya kazi kupita kiasi kila siku hata kama yanaonekana mapya. Mawili ya namba 106 yana uwezo wa kilo 1,900. Hiyo ndiyo tofauti ya kufika na kutofika. Tafuta pia herufi C mwishoni mwa ukubwa, au LT mwanzoni, ambazo huonyesha kuwa tairi limetengenezwa kwa ajili ya magari ya mizigo midogo.

Jambo la pili la kusoma ni umri. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne. Zikiwa 2324, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2024. Hapa ndipo matairi ya mtumba yanapowaponza watu: kashata bado ni nene, lakini mpira umekauka kwa miaka mingi. Viwanda vingi vya matairi hushauri tairi lichunguzwe kila mwaka likishatumika miaka mitano, na liondolewe likifikisha miaka 10 hata kama halijaisha. Vijivimbe vidogo vilivyo ndani ya mifereji ya tairi vipo kwenye kina cha milimita 1.6. Kashata ikilingana navyo, tairi limekwisha kazi. Kwa njia za tope, usisubiri kufika hapo.

Chagua kashata kulingana na njia yako. Kama unapita kilomita chache za tope halafu safari ndefu ya lami, kashata ya mchanganyiko inatosha. Yale meno makubwa ya tope hula dizeli zaidi na huisha upesi kwenye lami, na yanamfaa anayeshinda shambani. Kama fedha hazitoshi matairi manne, nunua mawili yanayofanana na uyafunge nyuma, wanakobeba mzigo. Mwenye gari linalovuta magurudumu yote manne ahakikishe ukubwa wa mbele na wa nyuma unalingana, ama sivyo ataumiza difu.

Tairi zuri lisilo na upepo wa kutosha ni hasara nyingine. Ubavu hupinda na kunyooka kila linapozunguka, hupata joto, na hatimaye hupasuka. Wakati huo dizeli nayo inakwenda. Kipimo sahihi, cha gari tupu na cha gari lililopakia, kwa kawaida huandikwa kwenye kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Pima asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi, na usitoe upepo kwa sababu tu tairi limepata moto njiani. Kipimo cha mkononi ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote tulivyotaja leo, nacho hurudisha fedha yake haraka.

Pesa ya pili iende kwenye breki na shokapu. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, breki zina kazi mara nne ya gari hilohilo likienda 40. Breki pedi, breki shu na ngoma vikaguliwe kwa pamoja. Mafuta ya breki nayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, kwa kuwa hunyonya unyevu na yakipata moto kwenye mteremko mrefu huchemka, na kanyagio huzama hadi chini. Wanaoshuka Kitonga na Sekenke wakiwa na mzigo wanajua hilo si jambo la mzaha.

Tahadhari kwa wanaoongeza vyuma vya springi nyuma. Springi ngumu huzuia gari kukaa chini, lakini haziongezi uwezo wa ekseli, matairi wala breki. Zaidi ya hapo, pikapu nyingi zina valvu karibu na ekseli ya nyuma inayopima jinsi gari lilivyokaa na kugawa nguvu za breki. Springi zikiinua gari, valvu hudhani halina mzigo, na hupunguza breki za nyuma wakati zinapohitajika zaidi. Ukiongeza springi, mwambie fundi arekebishe valvu hiyo siku hiyohiyo.

Haya yote hayana maana kama lumbesa itaendelea. Magunia 10 ya kilo 100 ni tani moja, ambayo tayari ndiyo kikomo cha pikapu nyingi, na baadhi hazifiki hapo. Magunia hayohayo yakishonewa vilemba yakafika kilo 130 kila moja, umeongeza kilo 300, sawa na watu wazima wanne walioketi juu ya mzigo. Lumbesa humwibia mkulima mara mbili: kwanza kwenye bei, kisha kwenye gari lake. Wakala wa Vipimo imekuwa ikiipiga vita kwa ajili ya mizani. Wenye pikapu wanayo sababu yao wenyewe ya kuikataa.

Tunaziomba pia SACCOS za wakulima zilitazame suala hili. Vyama vingi viko tayari kukopesha mbegu na mbolea, lakini mwanachama anayehitaji matairi ya mzigo huachwa akopeshwe na mtu wa mtaani au akanunue mtumba. Matairi yanayopeleka mazao sokoni ni pembejeo kama mbolea, na mkopo wake unaweza kulipwa ndani ya msimu.

Injini isubiri. Gari lililofanyiwa matengenezo yake, lenye matairi ya namba inayostahili, upepo sahihi, breki zinazoshika na mzigo wa halali, litamshangaza mwenyewe kwa jinsi linavyovuta. Akiona bado halimtoshi, hapo ndipo aingie gereji kuulizia nguvu zaidi, na atakuwa na gari linaloweza kuzibeba.