Pikipiki Ina Kituo Mchana, Usiku Inalala Wapi?

Na Mwandishi Wetu

Ifikapo saa 4 usiku, vijiwe vya bodaboda katika mitaa mingi ya miji yetu huanza kupungua watu. Dereva mmoja baada ya mwingine huwasha chombo chake na kuelekea nyumbani. Hapo ndipo huibuka swali ambalo halimo katika leseni wala katika kadi ya pikipiki: chombo hiki kitalala wapi hadi asubuhi?

Kwa anayeishi katika nyumba yenye uzio na geti, jibu ni jepesi. Kwa kijana aliyepanga chumba kimoja uswahilini, jibu hutafutwa kila siku. Wapo wanaoiingiza pikipiki ndani na kulala nayo chumba kimoja. Wapo wanaoifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya baraza. Wapo wanaoipeleka katika yadi ya jirani yenye mlinzi na kulipa ujira mdogo. Wapo pia wanaoiacha nje, wakitegemea mbwa wa jirani na rehema za Mwenyezi Mungu.

Suala hili si la bodaboda peke yao. Mwalimu anayefundisha mbali na makazi yake, muuguzi wa zamu ya usiku na mfanyabiashara wa mazao nao humiliki pikipiki. Maafisa ugani waliokabidhiwa pikipiki na Serikali mwaka 2022 hutumia mali ya umma ambayo nayo inahitaji mahali salama. Hata hivyo, utaratibu wetu wa pikipiki umejengwa zaidi kwa ajili ya mchana. Usiku umeachiwa mmiliki peke yake, na mara nyingi anayebeba hasara ni yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote.

Mchana una utaratibu

Kwa miaka mingi pikipiki haikutambuliwa kisheria kuwa chombo cha kubeba abiria kwa malipo. Hali hiyo ilibadilika kwa kanuni za mwaka 2010 zilizotungwa chini ya Sheria ya Leseni za Usafirishaji, Sura ya 317, ambapo halmashauri zilikasimiwa kazi ya kutoa leseni kwa pikipiki na bajaji. Tangu mwaka 2019, usimamizi wa eneo hili uko chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyochukua nafasi ya SUMATRA.

Matokeo ya urasimishaji huo yanaonekana barabarani. Kijiwe kilichopangika kina mwenyekiti, katibu na daftari la wanachama. Kila pikipiki inajulikana kwa namba yake ya usajili inayoanza na herufi MC, na kila dereva anajulikana kwa jina na mahali anapoishi. Mgeni akisogelea chombo kisicho chake, huulizwa kabla hajakigusa. Huo ni ulinzi usiogharimu fedha, na unafanya kazi kwa sababu watu wanafahamiana na mahali panajulikana.

Kijiwe kikifungwa usiku, ulinzi huo hutawanyika. Pikipiki zilizokuwa pamoja mchana kutwa sasa ziko katika nyua, korido na vichochoro tofauti, kila moja na mwenyewe aliyelala.

Hasara humwangukia nani?

Madereva wengi hawaendeshi pikipiki zao wenyewe. Huzipata kwa mkataba: mwenye chombo humkabidhi kijana pikipiki, kijana hupeleka hesabu kila siku au kila wiki, na baada ya muda uliokubaliwa chombo huwa mali yake.

Tuchukulie mfano wa dereva anayepeleka shilingi 10,000 kwa siku kwa siku 6 za wiki. Kwa wiki amepeleka shilingi 60,000, na kwa mwaka wenye wiki 52 amepeleka shilingi 3,120,000. Pikipiki hiyo ikiibwa katika wiki ya 35, tayari ametoa shilingi 2,100,000, na bado si mmiliki. Kadi haina jina lake. Mara nyingi mkataba wenyewe ulikuwa wa mdomo, au wa ukurasa mmoja usiosema lolote kuhusu wizi. Matokeo yake, kijana hupoteza fedha alizolipa, hupoteza kazi na bado hudaiwa salio.

Wengi hudhani kuwa bima itawaokoa. Ni vyema ieleweke kuwa bima ambayo ni ya lazima kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, ni ile ya mtu wa tatu. Bima hiyo humfidia mtu mwingine aliyedhurika kutokana na matumizi ya chombo barabarani. Haimlipi mwenye pikipiki iliyoibwa. Anayetaka kinga dhidi ya wizi hana budi kukata bima kubwa, na kabla ya kulipa asome masharti yake, hususan yale yanayohusu mahali chombo kinapoegeshwa usiku.

Chumba cha kulala si karakana

Kwa kuogopa wezi, familia nyingi huona ni salama zaidi kulala na pikipiki ndani. Uamuzi huo unaeleweka, lakini unabadilisha hatari ya kupoteza mali kuwa hatari ya kupoteza maisha.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu na kutoka dirishani, bali hutambaa sakafuni na kukusanyika pale chini. Katika chumba kimoja cha kupanga, hapo chini ndipo lilipo jiko la mkaa au la gesi, na ndipo watoto wanapolala. Tundu dogo katika mpira wa mafuta, kabureta inayovuja au mfuniko wa tangi usiofunga vizuri vinatosha kuanzisha moto ambao hauhitaji zaidi ya kiberiti kimoja.

Jambo la pili huonekana dogo hadi siku linapohitajika. Chumba cha aina hii huwa na mlango mmoja, na pikipiki huegeshwa nyuma ya mlango huohuo ili mwizi asiweze kuufungua. Moto ukitokea, chombo kilichowekwa kumzuia mwizi asiingie huwazuia wenye nyumba wasitoke.

Kwa asiye na mahali pengine kabisa, yapo mambo ya kuzingatia. Injini ipoe nje kabla ya kuingizwa ndani. Koki ya mafuta ifungwe. Pasipikwe wala kuwashwa mshumaa katika chumba chenye pikipiki. Njia ya kutokea iachwe wazi. Harufu ya petroli ikisikika, chombo kitolewe nje usiku huohuo bila kusubiri asubuhi. Moto ukitokea, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Yadi ya usiku na wajibu wa anayelinda

Wananchi wenyewe wamekwisha kubuni njia ya tatu, nayo ni yadi za usiku. Mwenye uwanja wenye uzio huweka taa na mlinzi, kisha hupokea pikipiki za majirani kwa ada. Katika mfano wetu wa awali, ada ya shilingi 500 kwa usiku ingekuwa shilingi 182,500 kwa mwaka. Kiasi hicho ni chini ya asilimia 6 ya fedha ambazo dereva yule angepeleka kwa mwenye chombo katika mwaka huohuo.

Udhaifu wa yadi nyingi uko katika kumbukumbu. Pikipiki huingia bila kuandikwa na hutoka kwa kutambuana sura. Ukutani huwa na kibao kinachosema kila mtu ataegesha kwa hatari yake mwenyewe, na wengi huamini kuwa kibao hicho kinamaliza mjadala. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwingine aitunze kwa uangalifu ambao mtu mwenye busara ya kawaida angeutumia kutunza mali yake ya aina hiyo. Hata hivyo, ili mwananchi adai haki hiyo, ni lazima kwanza aweze kuonesha kwamba alikabidhi chombo.

Kwa sababu hiyo, stakabadhi si karatasi ya mapambo. Iwe na namba ya usajili, tarehe, saa na sahihi ya mlinzi, na pikipiki isitolewe kwa mtu asiyeirejesha. Yadi isiyotoa stakabadhi inamlinda mwenye yadi zaidi kuliko inavyomlinda mwenye pikipiki.

Kinachoweza kufanyika mtaani

Uzoefu wa kijiwe cha mchana unatoa somo kwa usiku: usalama huongezeka pale vyombo vinapokuwa pamoja, mahali panapojulikana na chini ya watu wanaowajibika. Viongozi wa mitaa, vijiji na vitongoji waliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 wana nafasi ya kulifanya jambo hili kuwa ajenda ya mikutano ya wananchi, kwa kushirikiana na Polisi Kata na vikundi vya ulinzi shirikishi.

Mahali pa kuanzia si lazima pawe papya. Masoko mengi ya halmashauri hufungwa jioni, ilhali yana uzio, taa na walinzi wanaolipwa usiku kucha. Sehemu ya eneo kama hilo, kwa makubaliano na halmashauri na kwa ada inayolipwa kwa utaratibu rasmi, ingeweza kupokea pikipiki za mtaa mzima na kuzitoa kabla ya wachuuzi kufika alfajiri.

Aidha, mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, imekuwa ikitumika pia kununulia pikipiki. Kikundi kinachoomba pikipiki 5 kingefanya vyema kueleza katika andiko lake mahali zitakapolala. Chombo kikiibwa kabla ya deni kuisha, kinachopotea ni marejesho ambayo kikundi kingine kilikuwa kikiyasubiri. Vilevile, hakuna sababu ya kikundi cha vijana kufikiria kununua pikipiki tu wakati kinaweza kuendesha yadi ya kuzilinda.

Upande wa mchana nao unahitaji nidhamu. Pikipiki inayoegeshwa juu ya njia ya waenda kwa miguu humlazimisha mzee, mama mwenye mtoto au mtu anayetumia kiti mwendo kushuka barabarani kati ya magari. Maegesho salama kwa chombo yasiwe hatari kwa jirani.

Wajibu wa mmiliki

Hakuna mpango wa mtaa utakaofaa iwapo mmiliki hajatimiza sehemu yake. Usukani ufungwe kila mara, hata kwa kituo cha dakika tano. Mnyororo upitishwe kwenye gurudumu na kufungwa katika kitu kilichochimbiwa ardhini, kwani pikipiki iliyofungwa yenyewe kwa yenyewe hubebwa na watu wawili. Namba ya chesisi na ya injini ziandikwe na kuhifadhiwa mbali na chombo, pamoja na nakala ya kadi.

Anayenunua pikipiki iliyotumika ahamishe umiliki katika Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) bila kuchelewa. Siku ya wizi, mwenye kadi yenye jina la mtu mwingine huanza kwa kuthibitisha kuwa chombo ni chake, wakati mwizi yuko njiani. Anayenunua vipuri vya bei ya kutupa naye akumbuke kuwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, humtia hatiani pia anayepokea mali huku akijua kuwa imeibwa.

Wenye pikipiki za mkataba na madereva wao waandikiane kabla ya siku ya kwanza: chombo kitalala wapi, nani atalipa ada ya maegesho, na hasara itagawanywaje endapo kitaibwa bila uzembe wa dereva. Ni mazungumzo magumu, lakini ni mepesi kuliko yale ya asubuhi baada ya wizi.

Chombo kikiibwa, taarifa ipelekwe mara moja katika kituo cha polisi kilicho karibu au kwa namba ya dharura 112, mlalamikaji apate namba ya RB, na vijiwe vya jirani vipewe namba ya usajili. Mtuhumiwa akikamatwa akabidhiwe kwa Polisi. Kumpiga ni kosa la jinai, na aliyejeruhiwa vibaya hawezi kueleza chombo kilipelekwa kwa nani.

Pikipiki moja ya kijana wa mtaani hulipa ada ya shule, kodi ya chumba na dawa ya mzazi kijijini. Tumefanikiwa kuipatia kituo, namba na leseni mchana. Mkutano ujao wa mtaa ukiitishwa, mwananchi anayo haki ya kuuliza swali moja la ziada: usiku, mtaa wetu unazilaza wapi?