Kagua kamera hela ikiwa bado mfukoni

Na Idrisa Mwakalinga

Wapiga picha wakongwe wana ushauri wanaopenda kumpa kijana anayenunua kamera yake ya kwanza: usiikague, nenda kapige picha. Ukianza kutafuta kasoro, wanasema, utazipata, na kazi utaiacha ukae unakuza picha ya ukuta mpaka macho yaume. Nawaelewa. Watu wa namna hiyo wapo, mtu ana kamera ya mamilioni na hana picha hata moja ya mama yake.

Ila ushauri huo una kwao. Mkazi wa Ulaya akinunua kamera kwa mtandao, sheria ya Umoja wa Ulaya inampa siku 14 za kuirudisha bila hata kutoa sababu. Sisi wa Kariakoo risiti zetu zina maneno yale yale chini: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kamera yenyewe mara nyingi imepitia Dubai, na karatasi ya dhamana ndani ya boksi inataja vituo vya huduma ambavyo hakuna daladala inayofika.

Kwa hiyo mimi nasema kagua, tena palepale kaunta. Utaalamu hauhitajiki. Acha kifuniko cha lenzi mahali pake, hamishia fokasi kwenye mkono, weka ISO 800, shata ikae wazi sekunde moja, piga. Picha itakuwa giza tupu. Ikuze kwenye kioo cha nyuma, uipitie taratibu kutoka kona hadi kona. Kinukta chekundu, cha buluu au cheupe kinachong'aa mahali palepale hata katika picha ya pili na ya tatu ni pikseli yenye hitilafu. Kisha toa kifuniko, vuruga fokasi makusudi, bana tundu la lenzi hadi f/16, piga ukuta mweupe. Mabaka ya kijivu yakionekana, kuna vumbi au mafuta juu ya sensa. Mwisho bandika ukurasa wa gazeti hili ukutani, fungua tundu lote, simama usawa wake, rekebisha fokasi, piga. Kona tatu zikisomeka na moja ikififia, lenzi ina walakini.

Kinukta kimoja kisikukoseshe usingizi. Sensa ya megapikseli 24 ina pikseli milioni 24, na joto likichanganyika na shata ya sekunde 30 huamsha vinukta hata kwenye kamera nzuri. Kamera nyingi zina njia ya kuvifunika kwa kuazima rangi ya pikseli za jirani. Usimgombeze muuzaji kwa hilo.

Mabaka ni habari nyingine. Nikon D600 iliingia sokoni Septemba 2012, na haukupita muda wanunuzi wakaanza kuona madoa, hasa pembe ya juu kushoto. Februari 2013 kampuni ikawashauri wapeleke kamera zikasafishwe. Oktoba mwaka huohuo ikatoa D610 yenye shata mpya. Februari 2014 ndipo ikakubali kukagua, kusafisha na kubadilisha shata bure, hata kwa aliyeishiwa dhamana, na mwezi uliofuata televisheni ya taifa ya China ikaianika.

Cha kuzingatia ni kwamba madoa yale yaliongezeka kadiri shata ilivyofanya kazi. Ukiipima ikitoka kwenye boksi ungeweza kuiona safi kabisa. Ndiyo maana kipimo cha ukuta mweupe kirudiwe baada ya picha mia kadhaa, kabla hujachukua malipo ya mtu. Ukumbini hutayaona, kwa kuwa pale mwanga ni hafifu na tundu la lenzi liko wazi. Yatakusubiri ufukweni Coco, jua kali, lenzi imebanwa, anga jeupe nyuma ya bibi harusi, na wewe umeshapokea hela ya utangulizi.

Ukishapita hapo, acha. Anayepima kila Jumamosi anatafuta ugomvi na chombo chake.

Muuzaji atanuna, atasema wateja wengine wanasubiri. Mwombe betri yenye chaji na kadi, au nenda na kadi yako. Akikataa usipige hata picha moja kabla ya kulipa, ingia duka la pili. Kariakoo maduka hayakosekani.