KOROSHO HAICHUMWI, INAOKOTWA

Ndugu wanakijiji, ndugu wanaushirika,

Juma lililopita nimepita mikoroshoni nikaona aibu. Watu wazima wenye wajukuu wanapiga matawi kwa fito! Korosho bado mbichi, mabibo yake madogo kama kidole. Nikiuliza, naambiwa: "Katibu, njaa haingoji mnada." Leo najibu hapa ubaoni. Anayejua kusoma amsomee asiyejua.

Nani kati yetu hapa Mtwara hajui mkorosho? Maua yanatoka Juni na Julai, tunahangaika na salfa kuzuia ubwiri unga. Ua likishika, korosho ndiyo inatangulia. Inakua upesi, inaonekana kubwa, ya kijani, kumbe ndani bado maji maji. Bibo linafuata nyuma, linavimba mwishoni. Tangu ua mpaka kuanguka ni kama miezi miwili. Bibo likiiva, mti wenyewe unaachia. Basi mti umeshatuambia siku ya kuvuna, sisi tunaubishia kwa fimbo!

Anayebisha akawaulize akina mama wanaobangua. Korosho iliyoanguka yenyewe, ikakaa juani siku mbili tatu, ukiitikisa inalia. Unaichoma kwenye debe lililotobolewa, mafuta ya ganda yanawaka, moshi mweusi. Unamwaga chini, unafukia kwa mchanga, inapoa, unapasua, kiini kinatoka kizima. Unakianika kidogo, ngozi inamenyeka, unakikaanga na chumvi. Hiyo ndiyo korosho ya kumpa mgeni. Sasa bangua ile ya kuchuma: kiini kimenywea, ngozi imeng'ang'ania, na mafuta yamekubabua vidole bure.

Tena hasara haiishii kwako. Ghalani korosho zetu zinauzwa pamoja. Gunia moja bichi likivunda, daraja linashuka, na anayeumia ni mjane aliyeokota moja moja, akaanika, akachambua.

Nani anafaidi? Ni mwenye kangomba, yule anayekuja usiku na bakuli lake. Kwa nini haji na mizani? Kwa sababu mizani inasomeka! Mimi kusoma nimejulia kwenye kisomo cha watu wazima, benchi moja na wengi wenu. Tulijifunza kusoma namba ili iweje, kama bado tunapimiwa kwa bakuli? Lijazeni kama anavyolijaza yeye, mlipeleke kwenye mizani ya chama muone kama halikupita kilo. Huyo ni kupe, na sisi ndio tunamnyonyesha. Mwaka 2018 Serikali ilipotangaza kununua kwa shilingi 3,300 kilo, aliyekwisha kuuza kwa kangomba alibaki kutazama wenzake.

Lakini na sisi viongozi tusijifiche. Stakabadhi ghalani ilianza msimu wa 2007/2008 ili mkulima asipunjwe. Malipo yakichelewa, ni sisi tunaomfungulia mlanguzi mlango. Njaa ni kweli, jamani, siikatai. Kwa hiyo nitasimama mkutanoni kuitaka bodi ya chama ibandike ubao huu tarehe ya mnada, bei, na makato yote, shilingi kwa shilingi. Na anayesema "nisipochuma mimi, atachuma mwizi", basi tupange zamu za ulinzi. Dawa ya mwizi si kujiibia mwenyewe.

Kwa hiyo nawataka:

1. Tusafishe chini ya mikorosho, tuokote kila siku.
2. Tuanike juu ya jamvi, si mchangani. Isiyolia isiingie guniani.
3. Tutumie gunia la juti. Mfuko wa nailoni unapika korosho.
4. Asiuze mtu kwa bakuli, hata kama mnunuzi ni shemeji yake.

Mti umengoja miezi miwili bila kunung'unika. Sisi wenye akili tunashindwa kungoja siku chache?

Kidumu Chama Cha Mapinduzi! Umoja ni nguvu!

Katibu wa Tawi