Eti Kunakili si Kazi?

Ndugu zangu wa kambini, na ninyi mnaotutembelea na madaftari, sikilizeni.

Juzi mgeni wa shirika moja aliingia chumbani kwangu hapa Kimisagara, akanikuta nachora uso wa mama ya jirani kutoka kapicha ka kitambulisho. Akasema, "Lakini hii ni kunakili tu. Chora kitu chako."

Haya, toa dola moja mfukoni. Ule uso wa Washington unatokana na picha aliyoichora Mmarekani Gilbert Stuart mwaka 1796. Hakuimaliza, alibaki nayo makusudi, akachora kwa mkono nakala zaidi ya 60, akiuza moja dola 100. Leo zimetundikwa katika makumbusho. Nani anamwita mwizi?

Jirani yangu alikimbia Masisi bila albamu. Kapicha kalilowa mvua, jicho moja limefutika. Nikamwuliza: mama alikuwa anakutazama namna gani? Fotokopi haiulizi hivyo.

Basi semina za "ubunifu" zinatosha. Leteni rangi, leteni kazi, halafu mlipe.