Kichwa Kinauma, Picha Haina Habari

Barazani, na Msemakweli

Sikudhani kwamba nitaishi hata nimwone mtu mzima, aliyesoma akahitimu na kuvikwa koti jeupe, akimwambia mgonjwa aliyeketi mbele yake, naye amejifunika mtandio machoni kwa kuikimbia nuru ya dirishani, ya kuwa hana maumivu; lakini Jumatatu ya wiki hii nimemwona na nimemsikia, na ghadhabu niliyotoka nayo haijanitua hata leo.

Mgonjwa ni shangazi yangu, yule yule ambaye wasomaji wa safu hii wamekwisha kumzoea kwa ulimi wake usiojua kuomba radhi, na maradhi yake ni kipandauso, ambacho kikimjia humshika upande mmoja wa kichwa, kikamtapisha, kikamlaza katika chumba cha giza mchana kutwa. Tulikuwa tumekwisha kulipa fedha za kipimo, tukapewa picha za kichwa, tukangoja tangu asubuhi hadi adhuhuri katika ukumbi usio na pazia hata moja. Na tulipoingia kwa tabibu, kijana wa rika la mwanangu, hakumtazama mgonjwa usoni. Aliziinua picha kwenye taa, akazipitia moja moja, kisha akasema: "Bibi, maumivu ni kazi ya ubongo tu, na ubongo wako huu hapa, mzima. Huumwi." Shangazi akafunua jicho moja, akamjibu: "Mwanangu, mimi nimekuja na kichwa; hizo picha umezitaka wewe." Tukatoka na bahasha ya picha, na karatasi isiyoandikwa dawa.

Maneno yale hakuyatunga yeye. Ni makombo ya madhehebu ya falsafa yenye watu wakubwa, isemayo kwamba fikra na hisia na uchungu havikai kando ya mwili, maana ndio mwili wenyewe ukifanya kazi yake. U. T. Place aliyaandika hayo mwaka 1956, na J. J. C. Smart, aliyekuwa akisomesha Adelaide, Australia, akayatetea mwaka 1959, wote wawili wakitoa mfano wa radi, kwamba mmweko tuuonao mawinguni ndio huo huo mmiminiko wa umeme, ijapokuwa wazee wetu waliuona zama na zama wasilijue hilo. Mimi sikubali kwamba mas'ala ya nafsi yamekwisha hapo, lakini nawaheshimu, kwa sababu Smart alikuwa akitafuta kueleza maumivu ni kitu gani, na mtu hawezi kukieleza kitu alichokwisha kukikana. Huyu wetu ameibeba nusu ya hoja, na kutoka katika kusema kwamba maumivu yamo ubongoni, akarukia kusema kwamba kisichoonekana katika picha yake hakipo, ilhali kila aliyesoma tiba anajua kwamba kipandauso aghalabu hakiachi alama katika picha za namna ile, na kwamba hutambuliwa kwa kumsikiliza anayeumwa.

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, hakuwa na chombo cha kuchungulia ndani ya fuvu, na katika Qanun yake alihesabu namna 15 za maumivu, yenye kuwasha, yenye kudunga, yenye kupasua, yenye kulemea, na nyinginezo. Naye angezipambanuaje pasipo kuuliza na kungoja jawabu? Sisi leo tunawafundisha vijana kuvisoma vyombo kabla hatujawafundisha kuuliza, na asili ya ufidhuli huu wote ni hiyo.

Tena hata ilimu ya ubongo anayojivunia tabibu yule imetoka vinywani mwa wagonjwa. Wilder Penfield, mpasuaji wa Montreal, Kanada, alikuwa akifungua mafuvu ya wenye kifafa hali wako macho, ganzi ya kichwani ikitosha, kwa kuwa ubongo wenyewe hauhisi maumivu ukiguswa. Akapagusa mahali kwa umeme mdogo, akamwuliza mgonjwa anahisi nini. Huyu akasema mkono, yule akasema ulimi, mwingine akasema kidole, na kwa majibu hayo yeye na mwenziwe Boldrey wakatoa mwaka 1937 ule uchunguzi mashuhuri wa sehemu za ubongo zinazohisi na kuendesha viungo vya mwili, ambao wanafunzi wa tiba wanaurithi hata leo. Ondoa ushahidi wa wale waliolala mezani wakajibu, na hakuna atakayejua sehemu ipi ni ya mkono na ipi ni ya ulimi.

Basi tabibu yeyote atakayeweza kunionyesha ramani ya hisia za mwanadamu ambayo haikuanzia katika kauli ya mtu aliyeulizwa, na ailete. Nafasi yote ya safu hii wiki ijayo ni yake.