Mshahara Uliotoka Mdomoni mwa Kiongozi



Ukitaka kuijua hali ya mtumishi wa umma, usianze kwa kumuuliza analipwa kiasi gani. Sikiliza kwanza vitenzi anavyovitumia. Atakwambia: nimeajiriwa, nimethibitishwa kazini, nimepandishwa daraja, nimehamishwa, nimesimamishwa. Vitenzi hivi vyote viko katika kauli ya kutendwa, ile tuliyoisoma muhula uliopita ikawasumbua wengi. Na katika kauli hiyo, kama unavyokumbuka, mtenda aweza kuachwa asitajwe kabisa. Nimehamishwa na nani? Sentensi haisemi, na mara nyingi msemaji mwenyewe hajui.

Leo ningependa tumzungumzie huyo asiyetajwa, hususan siku anapoondoka na mwingine kukalia kiti chake. Watu wengi hudhani kwamba watumishi hufurahi akija kiongozi mpole na huhuzunika akija mkali. Mimi siafiki. Naamini furaha ya mtumishi katika kazi yake hutegemea zaidi mahali stahili zake zilipohifadhiwa: katika sheria na waraka unaofuatwa, au katika mdomo wa kiongozi.

Shule ninayofundisha iko kusini mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Mutukula. Jioni redio za upande wa Kagera husikika vizuri kuliko za Kampala, na kwa sababu hiyo nimezoea kufundisha Kiswahili kwa habari za Tanzania. Mwaka 2015 ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kazi. John Magufuli aliapishwa tarehe 5 Novemba mwaka huo, na siku iliyofuata alitoka Ikulu kwa miguu hadi Wizara ya Fedha, akakuta viti kadhaa havina watu. Siku chache baadaye akaingia ghafla katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na uongozi wa hospitali ukabadilishwa. Wanafunzi wangu wa wakati huo walijifunza msemo "kutumbua majipu" kabla hawajajifunza neno "jipu" lenyewe. Nililazimika kuwaeleza kwamba jipu ni uvimbe wenye usaha, kwamba huingia katika ngeli ya LI-YA, na kwamba katika habari zile jipu lilikuwa mtu.

Nisijifanye sikuvutiwa. Nilivutiwa. Mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni tangu alfajiri mbele ya dirisha la ofisi ya serikali, akaambiwa saa sita mwenye muhuri hajafika, anaelewa kwa nini umma ulishangilia. Hata watumishi wenyewe, wale waaminifu, walishangilia. Hakuna kinachomkatisha tamaa mfanyakazi mwenye bidii kama kulipwa sawa na jirani yake aliyetundika koti kitini asubuhi kisha akaenda kwenye shughuli zake hadi jioni. Kiongozi mpya anapomwuliza mwenye koti yuko wapi, mwenye bidii huona kwamba hatimaye kazi yake imeonekana. Hiyo ni ridhaa ya kweli, na haigharimu serikali hata senti moja.

Lakini itazame miaka iliyofuata. Mwaka 2016 ulianza uhakiki wa watumishi hewa, yaani majina yanayolipwa mshahara bila kuwa na watu, na majina zaidi ya elfu kumi yakaondolewa katika orodha ya malipo. Katikati ya mwaka huo ajira mpya na upandishaji wa madaraja vikasitishwa ili uhakiki ukamilike. Usitishaji ule ulielezwa kuwa wa muda, ila muda ukarefuka. Nyongeza za kila mwaka za mishahara nazo zikakoma kwa miaka kadhaa. Hapa ndipo ninapotaka ufikiri pamoja nami. Mwalimu aliyekuwa anastahili kupanda daraja mwaka 2016 hakuwa mtumishi hewa. Alikuwa na mwili, chaki na vipindi 25 kwa wiki. Alisitishiwa haki yake kwa kosa la jina asilolijua.

Kisha vikaja vyeti. Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini. Siwatetei walioghushi, maana kughushi ni kosa la jinai, na mgonjwa ana haki ya kujua kwamba anayemdunga sindano alisoma. Nakuomba uangalie jambo jingine. Oktoba 2022, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, serikali ilitangaza kwamba watu hao wangerejeshewa michango yao wenyewe waliyokuwa wamekatwa katika mishahara kwa ajili ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Watu ni walewale na kosa ni lilelile. Kilichobadilika ni mtu aliye juu. Kama fedha zile zilikuwa haki yao, kwa nini walizingoja miaka mitano? Na kama hazikuwa haki yao, kwa nini walipewa? Sheria inayojibu swali moja kwa namna mbili kutegemea nani yuko Ikulu haiwezi kumpa mtumishi usingizi.

Fikiria pia watumishi wenye elimu ya darasa la saba, wakiwemo watendaji wa vijiji na madereva. Serikali ilikuwa imeweka sharti la elimu ya kidato cha nne kwa walioajiriwa baada ya tarehe 20 Mei 2004. Katika msako ule waliondolewa hata baadhi ya walioajiriwa kabla ya tarehe hiyo, na mwaka 2018 serikali ikaagiza warejeshwe kazini. Tarehe ilikuwa imeandikwa tangu mwanzo. Aliyekuwa akitekeleza alikuwa na haraka ya kumpendeza mkubwa, na ninadhani hofu ya namna hii ndiyo iliyomuumiza mtumishi wa chini kuliko amri yenyewe iliyotoka juu.

Sasa tufike Mei Mosi. Sijui siku nyingine inayonifaa darasani kama hiyo. Wafanyakazi huandamana na mabango, viongozi wa vyama vyao husoma risala, kisha Rais husimama na nchi nzima hutega sikio. Mwaka 2018 mjini Iringa, Magufuli alieleza kwamba fedha zilikuwa zinaelekezwa kwenye miradi mikubwa, na mishahara haikupanda. Alifariki tarehe 17 Machi 2021. Mwezi na nusu baadaye, jijini Mwanza, Rais mpya alisema naye kwamba hangeweza kupandisha mishahara mwaka ule, ingawa kiwango cha chini cha kodi ya mishahara kilishuka kutoka asilimia 9 hadi 8. Mwaka 2022 mjini Dodoma aliashiria kwamba jambo lipo. Tarehe 14 Mei ikatangazwa nyongeza ya asilimia 23.3, na furaha ikawa kubwa.

Halafu ukafika mshahara wa Julai. Watumishi wengi wa ngazi za kati na za juu walipotazama hati zao za malipo walikuta nyongeza ndogo mno, na malalamiko yakajaa mitandaoni. Tangazo halikuwa la uongo. Lilisema "kima cha chini", na hao hawakuwa katika kima cha chini. Tulitumia kipindi kizima darasani tukichambua maneno hayo matatu. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini watu wazima wenye shahada hawakuyasoma vizuri. Nilimjibu kwamba mtu aliyengoja miaka sita hasomi, husikia, tena husikia kile alichokuwa akikingoja.

Mwaka 2023 mjini Morogoro ilitangazwa kwamba nyongeza za kila mwaka zingerudi. Mwaka 2025 mjini Singida ilitangazwa kwamba kima cha chini kingepanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, sawa na asilimia 35.1. Ni habari njema kwa familia nyingi, na sina sababu ya kuzibeza. Hata hivyo sikiliza namna zilivyopokewa: "Mama ametupa." Neno "kupa" lina mtoaji na mpokeaji, na mpokeaji hutarajiwa kushukuru. Anayelipwa hashukuru, hutia saini. Mshahara unapogeuka kuwa zawadi, kila mabadiliko ya kiongozi huwa siku ya wasiwasi, kwa kuwa zawadi huondoka na mtoaji wake.

Labda unasema moyoni: mwalimu, unawasema majirani kwa sababu kwenu Rais habadiliki. Ni kweli kwamba sisi Waganda tuna Rais yuleyule tangu 1986, miaka kadhaa kabla sijazaliwa. Lakini usidhani utulivu wa juu humletea mtumishi utulivu wa chini. Katika mwaka wa fedha ulioanza Julai 2022, mishahara ya walimu wa sayansi ilipandishwa, na wenye shahada wakafikishwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, kwa kuwa huo ndio uliokuwa msimamo wa kiongozi kuhusu sayansi. Sisi wa lugha, historia na dini hatukuwemo. Walimu wa masomo ya sanaa wakagoma kuanzia Juni. Na Julai hiyohiyo Baraza la Mawaziri likaidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni! Somo langu likapanda hadhi, na mshahara wangu wa stashahada ukabaki pale ulipokuwa. Mwenzangu wa fizikia, ambaye tulikuwa tukichangia nauli ya bodaboda, aliona haya kuniambia amepokea kiasi gani. Tangu hapo hatujawahi kuzungumza habari za fedha, na urafiki wetu umepungua kidogo bila yeyote kati yetu kukosea.

Tena wapo viongozi wadogo, na hao ndio hubadilika mara kwa mara. Katika shule moja niliyowahi kufundisha, mkuu wa shule alihamishwa wakati karatasi zangu za kuthibitishwa kazini zilikuwa mezani pake. Aliyekuja hakuzikuta, au hakuzitafuta. Nilianza upya, nikapiga nakala upya, nikasafiri wilayani mara tatu. Mwaka mzima nilifundisha nikiwa nusu mtumishi. Hakuwa mtu mbaya, maana aliwahi hata kunikopesha fedha za matibabu ya mtoto. Ila jalada langu lilikuwa limehifadhiwa katika kumbukumbu ya mtu, na mtu alipoondoka, likaondoka.

Kenya wamejaribu njia nyingine inayofaa kutazamwa. Tume ya Utumishi wa Walimu hutia saini na vyama vya walimu makubaliano ya pamoja ya miaka minne. Yale ya 2021 hadi 2025 yalisainiwa Uhuru Kenyatta akiwa Rais, na William Ruto alipoingia madarakani Septemba 2022 aliyakuta yakiendelea. Mwaka 2023 yakaongezwa sehemu ya fedha. Mwalimu wa Kisumu aweza kumpenda au kumchukia Rais wake, lakini anayo karatasi ya kuonyesha. Karatasi hiyo haikuondoa migogoro, kwani mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa na bajeti kupunguzwa, walimu wa sekondari waligoma wakidai sehemu ya pili ya makubaliano itekelezwe. Ila tofauti ndogo ni hii, nayo kwangu ni kubwa: walidai. Hawakuomba.

Yapo mabishano ambayo siwezi kuyapuuza. Wananchi huchagua kiongozi ili abadilishe mambo. Kama watumishi watajengewa ukuta wa sheria mrefu kupita kiasi, mwenye koti kitini atakaa hapohapo hadi astaafu, na mgonjwa ataendelea kungoja. Hoja hii ina uzito, na nadhani wanaoitoa hawana nia mbaya. Jibu langu ni kwamba kiongozi mpya anayo haki ya kubadilisha tunachofanya: mtaala, vipaumbele, saa za kazi, hata muundo wa ofisi. Anayo pia haki ya kumwadhibu mzembe, baada ya kumsikiliza. Daraja nililokwisha kulifanyia kazi ni jambo tofauti. Hilo ni deni, na deni hulipwa na serikali hata mkuu wake akibadilika mara kumi.

Wewe unayejifunza Kiswahili huenda hujaajiriwa na mtu yeyote, na unajiuliza haya yanakuhusu nini. Yanakuhusu kwa kuwa mwalimu anayeishi kwa kubahatisha hubadilika mbele ya macho yako. Hupunguza madaftari anayoyasahihisha. Huacha kupendekeza mambo katika kikao, kwa kuwa kiongozi ajaye aweza kuyachukia yale aliyoyapenda huyu. Huanzisha duka, kisha huwa mwalimu wa jioni wa duka lake. Nimewaona wenzangu wakifika hapo, na kuna miaka miwili ambayo mimi mwenyewe sikuwa mbali nao.

Kazi ya wiki hii ni moja. Mtafute mtumishi wa umma unayemfahamu: muuguzi, karani wa wilaya, askari, au mwalimu aliyekufundisha shule ya msingi. Msalimu kwa heshima inayolingana na umri wake, umwombe akusimulie jinsi kazi yake ilivyobadilika kiongozi fulani alipoingia, awe Rais au mkuu wa ofisi. Usimuulize ampenda kiongozi yupi. Andika sentensi kumi ukitumia vitenzi vyake katika kauli ya kutendwa kama alivyovitamka, kisha uziandike tena katika kauli ya kutenda, ukimtaja mtenda. Pale ambapo hutaweza kumtaja kwa sababu msimuliaji hamjui, acha nafasi tupu. Nitazihesabu nafasi hizo nikisahihisha.