Kupatana Kwanza, Kulipana Baadaye

Liko neno linalosikika kila siku mabarazani na masokoni, nalo limewapotezea watu mali nyingi: "Hatukuandikishana, kwa hiyo hakuna mkataba." Wako wanaolisema ili wakwepe deni, na wako wanaolisema kwa kukata tamaa, haki yao ikapotea hivi hivi. Wote wamekosea.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, iliyofuata nyayo za ile ya India ya 1872, haianzii kwenye karatasi. Kifungu chake cha 10 kinataka wanaopatana wawe na hiari na uwezo wa kupatana, pawe na kitu halali cha kubadilishana, na lengo lao lisiwe haramu. Mtoto chini ya miaka 18 hana uwezo huo. Lakini mama lishe aliyeagiza magunia mawili ya mchele kwa bei waliyoafikiana, akajibiwa "nitakuletea Jumatatu", huyo ana mkataba, ijapokuwa haikuandikwa hata herufi moja.

Naomba tukae zaidi kwenye huko kukubaliana, maana ndiko wengi wanakoanguka. Sheria inasema watu wamekubaliana pale wanapokubali jambo lile lile kwa maana ile ile. Sasa tazama mtu aendaye kwa seremala kuagiza kitanda cha mninga, tano kwa sita. Anatoa kianzio, anaondoka zake. Siku ya kukichukua anakuta mbavu na ubao wa kichwani ni mninga kweli, ila chaga zote ni paini. Fundi anaapa kwamba kwa bei ile ndivyo anavyotengeneza siku zote. Mteja naye anaapa kwamba alisema mninga. Hakuna mwongo hapo. Kila mmoja alikubali kitanda chake mwenyewe, na sasa wanatukanana mbele ya watoto kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa maswali mawili kabla pesa haijatoka mfukoni. Ndugu zangu, ulizaneni! Kuuliza si kumshuku mtu.

Tuwe waangalifu na bei pia. Ukiambiwa laki tatu ukajibu laki mbili na nusu, umelikataa pendekezo la mwenzako na kuweka lako. Huko Uingereza, katika kesi ya mwaka 1840, Wrench alitaka pauni 1,000 kwa shamba lake. Hyde akataja 950, akakataliwa, ndipo akarudi kusema atanunua kwa 1,000. Mahakama iliona hapakuwa na mkataba. Bei ikikuridhisha, ikubali waziwazi, bila "lakini".

Nanyi wakopeshaji mnaomwekesha mjane dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, baada ya kumweleza mengine kabisa: dole lile halifuti hadaa yenu. Ridhaa ikipatikana kwa udanganyifu au vitisho, aliyeonewa ana haki ya kuukataa mkataba wake.

Je, tuache kuandika? La hasha! Neno la mdomo linafunga, ila kulithibitisha mbele ya hakimu ni kazi nzito. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Jambo hili halikuanza na mawakili.

Kwenye ardhi hatuna hata nafasi ya kuchagua. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, mapatano ya kuuziana haki ya kumiliki ardhi hayatekelezwi mahakamani bila maandishi yaliyotiwa saini. Na nyumba ya ndoa haiuzwi na mume peke yake bila ridhaa ya mkewe, wala na mke bila ya mumewe. Basi wewe unayetaka kununua, kabla hujatoa arubuni, omba kuonana na mwenzi wa muuzaji, umsikie kwa kinywa chake akisema ameridhia, naye atie saini.